Kuizunguka Tanzania na begi mgongoni ukianzia Tanga: namna ya kuchagua usafiri, kipande kwa kipande

Anayetoka Tanga akitaka kuizunguka nchi huanza na swali la nauli. Lina nafasi yake, lakini lisiwe la kwanza. La kwanza ni hili: chombo kitanishusha wapi, na saa ngapi? Basi la bei nafuu likikutupa saa nane usiku kwenye mji usioujua, ulichookoa kwenye tiketi utakilipa kwa bajaji ya usiku, kisha ulipie gesti usiku mzima kwa kulala saa nne tu. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa saa ya kufika na mahali pa kushukia, bei ikifuata nyuma.

Nchi ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 940,000, na hakuna chombo kimoja kinachofaa kote. Safari nzuri huchanganya basi, treni, boti na bodaboda, kila kimoja pale kinapostahili.

Kata safari vipande kabla ya kuulizia tiketi

Chukua karatasi, uandike kila kipande kwenye mstari wake: unatoka wapi, unakwenda wapi, kilomita ngapi, unaondoka saa ngapi, unafika saa ngapi, unashukia wapi. Mzunguko wa kaskazini kwa mtu wa Tanga, wa siku 10 hadi 14, unaweza kwenda hivi: Tanga hadi Lushoto, Lushoto hadi Moshi, Moshi hadi Arusha, Arusha hadi Dodoma kupitia Babati na Kondoa, Dodoma hadi Dar es Salaam kwa treni ya SGR (reli mpya ya kisasa), Dar hadi Unguja kwa boti, kisha kurudi Tanga.

Saa za njiani usizikadirie kwa maneno ya mpiga debe. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye vijiji na miji hushuka hadi 50. Ukijumlisha mizani, kupakia, kushusha na mlo wa mchana, mwendo halisi kwenye lami ni kama kilomita 55 kwa saa. Kwa hiyo gawa kilomita kwa 55. Tanga hadi Dar kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350: saa sita na nusu hivi. Arusha hadi Dodoma ni kama 420: karibu saa nane. Kosta inayosimama kila kituo gawa kwa 40. Barabara ya vumbi wakati wa mvua gawa kwa 25, na ubebe maji ya kutosha.

Sasa angalia safu ya saa ya kufika. Kwenye mji usioujua, lenga kufika kabla ya saa 11 jioni, upate walau saa moja na nusu ya mwanga ya kutafuta gesti. Kipande kikikataa, usikimbilie kubadili chombo. Mara nyingi kinachotakiwa ni kuondoka mapema zaidi au kulala mji wa katikati.

Jambo moja huwakosesha watu safari kila mwezi. Mifumo ya tiketi huandika saa za kimataifa. Tiketi ikisema 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Ikisema tarehe 15, 00:40, ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15, maana yake uwe stendi jioni ya tarehe 14. Na sisi watu wa pwani tukisema "usiku wa Ijumaa" tunakusudia Alhamisi jua likishazama, ilhali karani wa bara anaweza kuelewa Ijumaa baada ya magharibi. Ukikata tiketi ya usiku taja tarehe, usitaje siku peke yake.

Nauli ihesabu mwenyewe

Nauli za mabasi ya mikoani hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa kilomita. Katika viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, basi la daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita, na daraja la kati ni 67.84. Zidisha kwa kilomita zako. Kwa kilomita 350 za Tanga hadi Dar, la kawaida linatoka kama 17,000 na la kati kama 23,700. Viwango hubadilika, hasa mafuta yakipanda, kwa hiyo pitia tangazo la karibuni kabla ya kupanga bajeti. Hesabu inabaki ileile, na itakuonyesha papo hapo kama unapigwa.

Kisha ongeza vile ambavyo watu husahau: bodaboda ya kufika stendi, bajaji ya kutoka stendi hadi gesti, chakula cha njiani. Kwenye vipande vifupi, hizo mbili za mwanzo zinaweza kuipita nauli yenyewe.

Basi, uti wa mgongo wa safari

Tanga mabasi ya mikoani yanaondokea stendi ya Kange, nje kidogo ya katikati ya mji. Daladala kutoka mjini zipo, ila alfajiri sana utahitaji bodaboda. Kata tiketi siku moja kabla, dirishani au kwenye ofisi ya kampuni, na wakati wa sikukuu na kufunga shule kata siku tatu hadi tano kabla. Tiketi iwe ya mfumo, yenye jina lako, tarehe, namba ya siti, na ikiwezekana namba ya basi. Asubuhi ya safari linganisha tiketi na maandishi ubavuni mwa basi kabla hujamkabidhi mtu begi. Mpiga debe anayekupokea mzigo getini na kukuongoza kwa kasi kwenye basi jingine anafanya kazi yake. Kazi yako ni kutoachia begi.

Ulizia mpangilio wa siti. Basi la mbili kwa mbili lina siti pana. La mbili kwa tatu hubeba watu wengi zaidi na goti litagusa siti ya mbele. Kwa saa tatu linavumilika, kwa saa kumi linaumiza. Chagua siti za katikati, kati ya tairi za mbele na za nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Juu ya tairi miguu haina pa kukaa. Nyuma kabisa kila tuta linakurusha, na siti za mlangoni ndizo njia ya konda na abiria wa njiani.

Halafu jua. Kutoka Segera kwenda Chalinze unaelekea kusini, kwa hiyo jua la asubuhi linachoma upande wa kushoto; kaa kulia, upande wa dereva. Ukienda Moshi mchana, jua la alasiri linakuja kushoto, na milima ya Usambara na Upare iko kuliani kuanzia Korogwe hadi Same. Siti ya kulia inakupa kivuli na milima kwa pamoja.

Begi la lita 40 hadi 50, lisilozidi kilo 12, linatosha kwa mwezi mzima. Haliingii kwenye rafu ya juu ya basi, kwa hiyo litakwenda buti, na buti ya basi la mkoani hukaa na dumu za mafuta ya kula, ndoo za dagaa, magunia ya mkaa na mara nyingine kuku. Suluhisho ni kiroba cha salfeti kile cha unga cha kilo 50, kilichooshwa na kukaushwa. Liingize begi lote ndani, kamba zake za mabegani zikiwa zimefungwa zisininginie, kunja mdomo wa kiroba mara mbili, funga kwa kamba ya katani kwa fundo la kuvuta. Andika kwa kalamu ya wino mzito jina lako, mji unaoshukia na namba ya siti, pande zote mbili. Kiroba kinazuia vumbi, mafuta na vidole, na kinalifanya begi lifanane na mzigo wa kawaida usiovuta macho. Ukifika kinakunjwa na kuingia mfuko wa pembeni.

Mwambie utingo unashukia wapi *kabla* ya kupakia. Wa kushukia Korogwe akiwekewa begi chini ya mizigo ya Arusha, basi zima litamsubiri likifukuliwa, na kwenye haraka hiyo ndipo mzigo hushushwa usio wako. Chukua risiti au kibandiko cha mzigo kama kampuni inatoa. Simu, pesa, vitambulisho na dawa vikae kwenye mkoba mdogo mapajani.

Basi litasimama kuchimba dawa na kula, mara nyingi dakika 10 hadi 20. Muulize konda dakika ngapi, piga picha ya namba ya basi, kwa sababu hotelini hupangana mabasi matano ya rangi moja.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya katazo. La usiku linakuokolea gesti na joto, lakini lichague kwa masharti mawili: kipande kizidi kilomita 600, na ufike kukiwa kumepambazuka. Dar hadi Mbeya, kama kilomita 830, linafaa. Tanga hadi Dar halifai, kwani ukiondoka saa tatu usiku utafika Mbezi, kituo cha mabasi cha Dar, alfajiri ya saa tisa na nusu, ukae kwenye benchi hadi kuche.

Mahali pa kushukia

Dar es Salaam mabasi hushusha kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ambacho kiko mbali na Posta na bandarini. Tenga saa moja na nusu hadi mbili za kufika mjini kwa daladala au kwa kwenda Kimara kupanda mwendokasi. Aliyepanga basi la Tanga lifike saa saba mchana na boti ya Unguja iondoke saa tisa amepanga kuikosa boti.

Anayetoka Tanga kwenda Morogoro, Dodoma au Mbeya hana sababu ya kuingia Dar. Shuka Chalinze, ambako njia zinakutana, upande basi linalokwenda Morogoro, kama kilomita 85 tu, ushukie Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro. Unaokoa zaidi ya kilomita 150 za kwenda na kurudi pamoja na foleni yote. Hatari yake ni moja: Chalinze unapanda gari la njiani, na siti haina uhakika. Kabla mguu haujagusa ngazi uliza, "Siti ipo?" Si "nafasi", kwa sababu nafasi ni pamoja na kusimama. Lipa ukishakaa, na udai tiketi.

Lushoto inafuata utaratibu huohuo. Kama hukupata gari la moja kwa moja kutoka Tanga, shuka Mombo, upande kosta au haisi, kilomita 33 hivi za kona kupitia Soni. Mwenye kichefuchefu akae mbele na tangawizi mdomoni. Fika Mombo kabla ya saa 10 alasiri. Ukirudi chini kuelekea Moshi, mabasi yaliyotoka Dar alfajiri huanza kupita Mombo mchana, baada ya saa sita hivi za njiani. Kushuka Lushoto saa moja asubuhi ili kuyawahi ni kujichosha bure.

Treni: reli tatu zisizoshikana

Kosa la kawaida ni kuiona reli kama mtandao mmoja. Ziko tatu, kila moja na upana wake, na treni ya moja haiwezi kukanyaga nyingine: SGR ya milimita 1,435, reli ya zamani ya mita moja, yaani 1,000, na TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ya 1,067. Kubadili reli ni kubadili stesheni, na kwa Dar stesheni ya TAZARA iko barabara ya Nyerere, mbali na stesheni ya SGR iliyo katikati ya jiji.

SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma Julai 2024. Kwa kipande cha Dar na Dodoma ndiyo chaguo letu la kwanza bila kusita. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Basi la kawaida kwa kilomita 450 linatoka kama 21,800 kwa hesabu ile ya juu. Tofauti ya shilingi elfu tisa inakununulia saa nne nzima, kwani treni hutumia kama saa nne na basi nane. Tiketi inafungwa na kitambulisho: ukikatiwa na mtu hakikisha namba aliyoingiza ni ya kitambulisho utakachobeba. Mzigo hukaguliwa na uzito una kikomo, kwa hiyo fika saa moja na nusu kabla. Kisu cha kambi na mtungi wa gesi ya kupikia viache nyumbani. Stesheni za Morogoro na Dodoma haziko jirani na stendi za mabasi. Weka pesa ya bajaji.

Reli ya mita moja ndiyo inayokwenda Tabora, Kigoma na Mwanza, na ya kaskazini inakwenda Moshi na Arusha. Ujenzi wa reli hiyo ulianzia hapahapa Tanga mwaka 1893, lakini treni ya abiria ya Dar na Arusha hupita Korogwe bila kuingia Tanga mjini, hivyo mtu wa Tanga hupandia Korogwe. Aipande mtu asiye na haraka. Mvua ikikata njia husimamishwa, na kuchelewa kwa saa kadhaa ni jambo la kutarajia. Kata daraja la kulala kama lipo, na usipange kitu chochote chenye saa maalumu siku ya kufika.

TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, Mlimba, Makambako na Mbeya. Kwa macho hakuna safari ya nchi kavu inayoishinda. Ila ulizia stesheni wiki hiyohiyo kama treni inatembea, na uwe na mpango wa basi la Mbeya mfukoni.

Baharini na ziwani

Dar hadi Unguja boti ya kasi ni kama saa mbili, na kitambulisho kinahitajika. Kati ya Tanga na Pemba huduma imekuwa ya vipindi. Nenda bandarini mwenyewe uulize chombo gani kinaondoka na siku gani, kisha upange vipande vingine kuizunguka siku hiyo. Usianze kwa kulipia gesti ya Pemba.

Jahazi la mizigo linalokubali abiria usiku likatae, hata nahodha akiwa ndugu. Halina maboya ya kutosha wala orodha ya waliomo. Chombo chochote kilichojaa kupita kiasi ushuke, hata kama umeshalipa. Spice Islander I ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, Skagit Julai 2012, MV Nyerere huko Ukara Septemba 2018, na walau mbili kati ya hizo zilikuwa zimebeba watu kupita uwezo wake. Ukipanda, angalia maboya yalipo kabla ya kutafuta siti, na ukae karibu na sitaha.

Bahari ina msimu wake. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, huchafua maji. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kwa kawaida panapitika vizuri zaidi. Mwenye kuumwa na bahari anywe dawa nusu saa kabla, akae katikati ya boti chini, si mbele.

Kanda ya Ziwa, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo ile foleni ya pantoni kati ya Mwanza na Geita haipo tena. Ratiba za zamani za njia hiyo zihesabu upya.

Vyombo vidogo, na pikipiki yako mwenyewe

Bodaboda ni ya kilomita tano, kumi ukizidisha. Begi kubwa mgongoni kwa abiria wa nyuma humvuta kinyumenyume kwenye mlima na kuiyumbisha pikipiki. Liwekwe mbele, juu ya tangi, kati ya mikono ya dereva, au chukua bajaji. Mchomoko, gari dogo linalobeba abiria kienyeji, huwa haraka, lakini mara nyingi halina kibali wala bima ya abiria. Liwe la kukukwamua, lisiwe mpango.

Anayetaka uhuru wa pikipiki ya cc 150 ajue hesabu zake. Lita moja hukupa kilomita 40 hadi 45 ukiwa na mzigo. Siku moja usivuke kilomita 250. Oili badili kila kilomita 1,500 hadi 2,000. Beba tyubu mbili, spoku, plagi, kebo ya klachi, na pampu. Hifadhi za taifa hazipitishi pikipiki kutalii, hivyo huko utahitaji gari hata hivyo. Bei za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Njia ya pwani, Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, inavutia kwenye ramani. Hadi Pangani hakuna tabu. Ng'ambo ya mto, Bweni, magari ya abiria ni machache. Vuka asubuhi, na kabla ya kuvuka uliza kama gari la Mkwaja limeshaondoka.

Ndege ifikirie kwa kipande kimoja tu, kama Mwanza au Kigoma hadi Dar mwishoni mwa safari, ukikata mapema. Pawabenki ipande nawe mkononi: kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na ya mAh 20,000 ina kama 74.

Masika

Machi hadi Mei, kila kipande cha barabara ya vumbi kiongezee siku moja ya akiba. Hata lami hukatika: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga na boti za Unguja zikasimamishwa. Lindi na Mtwara ziweke Juni hadi Oktoba.

Basi likiharibika

Shuka na mkoba wako mdogo, simama nje ya bega la barabara, upande wa mbali na magari. Mpe konda saa moja. Akisema anafaulisha, yaani anawahamishia kwenye basi jingine, nauli imeshalipwa na hupaswi kuongeza hata shilingi. Piga picha ya tiketi na ya namba ya basi, na akikataa piga simu LATRA. Wengi watakimbilia mlango wa basi jipya kugombea siti. Wewe nenda buti kwanza, utazame kiroba chako kikitoka huku na kuingia kule, ndipo upande.